Kutoka Windows hadi mstari wa amri: mwongozo kamili wa kusakinisha Linux Mint na kuandika amri zako za kwanza

Makosa yanayowakwamisha watu wanaohamia Linux yanafanana mno. Mmoja amepakua mfumo usiku kucha, akaunakili kwenye flashi kama anavyonakili filamu, akawasha kompyuta, na Windows ikafunguka kama kawaida. Mwingine amefika mbali zaidi: mfumo umesakinishwa, lakini alipoandika amri aliyotumiwa na rafiki akaambiwa hana ruhusa, akaongeza `sudo` mbele yake bila kujua inafanya nini, na tangu siku hiyo kompyuta haimalizi kuwaka. Wa tatu hajaharibu chochote. Aliombwa nenosiri, akaona herufi hazitokei, akadhani kibodi imekufa, akafunga kila kitu.

Wote watatu wameponzwa na jambo moja: waliendelea na hatua iliyofuata kabla ya kusoma jibu la hatua iliyotangulia. Kwa hiyo kila hatua hapa inaeleza kwa nini inafanywa, wapi pana hatari, na utaona nini ikifanikiwa. Usipoona kilichoelezwa, usisonge mbele.

Mfano wetu ni Linux Mint 22, toleo la Xfce (jina la aina ya eneokazi lake). Ni mfumo endeshi huria usiolipiwa, ni mwepesi kwa kompyuta za zamani, matoleo yake ya 22 yatapata masasisho hadi 2029, na kwa kuwa umejengwa juu ya Ubuntu 24.04, mfumo mwingine wa Linux, maelezo mengi utakayoyakuta kuhusu Ubuntu yatakufaa pia. Kama kompyuta yako ilibaki na Windows 10, ambayo masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, basi wewe ndiwe niliyemkusudia hasa.

## Mahitaji

Kusanya vyote kabla ya kuanza, kwa sababu kazi hii ikisimama katikati huwa inarudiwa tangu mwanzo.

- Kompyuta yenye kichakataji cha biti 64, RAM isiyopungua GB 2 (GB 4 ndiyo inayostarehesha), na nafasi ya diski isiyopungua GB 20. GB 100 ni bora zaidi.
- Flashi ya GB 8 au zaidi ambayo hujali kilichomo, maana kitafutwa chote.
- Flashi ya pili au diski ya nje ya kuhifadhia mafaili yako.
- Bando: karibu GB 3 za mfumo wenyewe, na nyingine kama GB 1 kwa ajili ya masasisho ya mwanzo.
- Chaja inayofanya kazi, na waya wa USB wa simu yako. Umuhimu wa waya utauona katika hatua ya 5.
- Karatasi na kalamu.

Neno kwa anayenunua kompyuta ya mtumba. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aiwashe na aingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows, mbele yako. Kompyuta nyingi zilizotoka maofisini ughaibuni zimefungwa BIOS kwa nenosiri ambalo hata muuzaji halijui, na kompyuta ya namna hiyo inaweza kukataa kabisa kuwaka kutoka kwenye flashi. Angalia pia kibodi: iliyotoka Uingereza ina alama ya `"` juu ya tarakimu 2, ilhali ya Marekani ina `@` mahali hapo. Tutalirudia jambo hili wakati wa kusakinisha.

## Hatua ya 1: Ondoa mafaili yako kwenye hatari

Nakili nyaraka, picha na kila usichotaka kukipoteza kwenye diski ya nje. Kisha chomoa diski hiyo, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, na ufungue mafaili matatu au manne kuhakikisha yanafunguka. Nakala ambayo hujaifungua usiihesabu kuwa ni nakala.

Diski hiyo isirudi kwenye kompyuta hadi usakinishaji umalizike. Niliwahi kuiacha diski ya nje ikiwa imechomekwa, nikataja diski ya `sdb` mahali pa `sdc` katika amri ya `dd`, ambayo huandika moja kwa moja juu ya diski nzima, na picha zote za harusi ya dada yangu zikaandikwa mfumo endeshi juu yake. Amri haikuniuliza chochote. Ndiyo maana `dd` haimo katika mwongozo huu.

## Hatua ya 2: Pakua, kisha uhakiki

Nenda kwenye tovuti rasmi ya Linux Mint, chagua toleo la Xfce, na upakue faili lenye jina kama `linuxmint-22.2-xfce-64bit.iso`. Kama mtandao wako hukatika, tumia kiungo cha torenti kinachotolewa hapo hapo: torenti huendelea pale ilipoishia, na hukagua kila kipande kinachoingia, wakati kivinjari kinaweza kuanza upya na kula bando mara ya pili.

Sasa hatua ambayo karibu kila aliyeshindwa aliiruka. Faili kubwa linaweza kufika likiwa na kasoro ndogo isiyoonekana kwa macho, na kasoro hiyo hujitokeza baadaye, usakinishaji unapogoma katikati bila maelezo. Kwa hiyo tunalipima. Ukiwa bado ndani ya Windows, fungua Command Prompt na uandike mistari hii miwili, kila mmoja ukifuatwa na Enter:

```
cd Downloads
certutil -hashfile linuxmint-22.2-xfce-64bit.iso SHA256
```

Hizo ni amri zako za kwanza, na hujagusa Linux bado. Baada ya muda utapewa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ulinganishe na ule uliomo katika faili la `sha256sum.txt` kwenye ukurasa wa kupakulia. Baiti moja tu ikiharibika, mfuatano wote hubadilika, kwa hiyo faili lililoharibika njiani utaligundua hata kwa kulinganisha herufi nane za mwanzo na nane za mwisho.

Uharibifu wa njiani si tishio pekee. Mnamo Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint yenyewe na kuwaelekeza wapakuaji kwenye faili lililopandikizwa mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia kompyuta. Tangu hapo mradi huo unasisitiza pia uhakiki wa saini ya GPG (saini ya kidijitali inayoonyesha kwamba faili limetoka kwao kweli), ambao umeelezwa katika maelekezo yao ya usakinishaji, na anayekusudia kuitumia kompyuta kwa kazi nyeti asiupuuze.

Mafanikio: mifuatano miwili inafanana. Isipofanana, futa faili na upakue tena. Hakuna njia ya kulirekebisha.

## Hatua ya 3: Iandike flashi, usinakili

Faili la ISO ni taswira ya diski nzima, pamoja na sehemu ya mwanzo ambayo kompyuta huisoma inapowaka. Ukilinakili kwa kuliburuta, unaweka faili moja ndani ya flashi, na kompyuta haioni pa kuanzia. Yule wa kwanza, ambaye Windows ilimfungukia kama kawaida, alikwama hapa.

Sakinisha programu ya balenaEtcher kwenye Windows, ifungue, chagua faili la ISO, chagua flashi yako, kisha bonyeza Flash. Kabla ya kubonyeza, tazama ukubwa ulioandikwa: kama flashi yako ni ya GB 8 na programu inaonyesha GB 500, umechagua diski isiyo yenyewe.

Tahadhari: kazi ikimalizika, Windows inaweza kuleta kidirisha kinachosema kwamba diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika. Kataa kwa kubonyeza Cancel. Windows haiutambui mpangilio ulioandikwa sasa hivi, na ukikubali utaufuta wote. Nimeona watu wakirudia hatua hii mara tatu, wakilaumu flashi, kumbe kila mara ni wao wenyewe walioifomati kwa kutii kidirisha.

Mafanikio: Etcher inatangaza kwamba kuandika na kuhakiki vimekamilika.

## Hatua ya 4: Washa kompyuta kutoka kwenye flashi

Windows za miaka ya karibuni zina mtindo wa kujizima nusunusu ili ziwake haraka. Kompyuta ikizimwa hivyo inaweza kuruka kitufe unachotaka kuibonyezea. Shikilia Shift wakati unabonyeza Shut down, nayo itazimika kikamilifu.

Chomeka flashi, bonyeza kitufe cha kuwashia, na papo hapo anza kugongagonga kitufe cha kuchagulia diski ya kuanzia. Kwenye Dell na Lenovo mara nyingi ni F12. Kwenye HP ni Esc kisha F9. Kwenye ASUS jaribu Esc au F8. Kwenye Acer ni F12, lakini baadhi yake hudai uingie kwanza BIOS kwa F2 na kukiruhusu kitufe hicho. Ukiona sauti au mwanga wa skrini unabadilika tu, shikilia Fn pamoja nacho. Ukifaulu, kiandike kitufe hicho kwenye karatasi, kwa sababu utakihitaji tena siku ambayo umekisahau.

Ukikutana na maneno `Verification failed: (0x1A) Security Violation`, tatizo ni kipengele cha Secure Boot, kinachozuia mfumo kisioutambua usiwake. Ingia BIOS, kizime, uhifadhi, uanze tena.

Mafanikio: menyu yenye mstari wa `Start Linux Mint`, na baada ya dakika moja au mbili, eneokazi lenye alama ya Install Linux Mint. Skrini ikibaki nyeusi, rudi kwenye menyu na uchague mstari wa compatibility mode.

## Hatua ya 5: Jaribu kabla ya kusakinisha

Sasa unatumia Linux iliyomo ndani ya flashi. Diski yako haijaguswa. Kitu chochote utakachokihifadhi hapa kitapotea ukizima, kwa hiyo usiandike barua ya kazi.

Kagua mtandao, sauti, kipadi cha panya na mwangaza wa skrini. Wi-Fi isipoonekana, usikate tamaa: baadhi ya kadi huhitaji kidereva kinachopatikana mtandaoni, na hapo ndipo ule waya wa simu unapofanya kazi. Unganisha simu kwa waya, washa USB tethering kwenye mipangilio yake, na kompyuta itapata intaneti kupitia bando la simu. Ukishasakinisha, fungua Driver Manager huku simu ikiwa bado imeunganishwa, nayo itakutafutia kidereva.

## Hatua ya 6: Sakinisha

Unganisha chaja. Umeme ukikatika wakati diski inagawanywa, na betri ni ile ya mtumba inayodumu dakika tano, utaanza upya.

Bofya alama ya Install Linux Mint mara mbili. Maswali mengi ni mepesi, nayapita. Matatu yanahitaji utulivu.

Swali la kibodi lijibu kwa kutazama kibodi, usitazame nchi unayoishi. Kuna kisanduku cha kujaribia hapo: andika `@`, `"`, `|` na `\`. Alama hizi nne ndizo zitakazokusumbua kwenye mstari wa amri kama mpangilio si wenyewe. Kibodi ya Uingereza huhitaji English (UK).

Swali la aina ya usakinishaji ndilo lisilorudi nyuma. `Erase disk and install Linux Mint` inafuta Windows na kila kilichomo. `Install Linux Mint alongside` inabakisha Windows, nawe utachagua mfumo kila unapowasha. Kwa mtu mwenye kompyuta moja tu ya kazi, chaguo la pili linavutia, ila lina masharti: kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalolinda data ya diski, rudi Windows kwanza, uandike pembeni ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48, kisha uzime ufungaji huo. Wapo waliopuuza hili na kujikuta Windows inawadai ufunguo ambao hawajawahi kuuona. Mimi humshauri anayeanza atafute kompyuta ya zamani isiyo na kitu, aifute yote, na aache hofu.

Swali la tatu ni jina lako la mtumiaji na nenosiri. Jina liwe kwa herufi ndogo bila nafasi, kama `asha`. Nenosiri liandike kwenye karatasi kwa wiki ya kwanza, kwa sababu utaliandika mara nyingi bila kuliona. Saa za eneo chagua Dar es Salaam au Nairobi, zote ni zile zile.

Mafanikio: unaambiwa uondoe flashi na ubonyeze Enter, kompyuta inawaka upya, na inakuomba jina na nenosiri ulilochagua.

## Hatua ya 7: Sasisho la kwanza, kwa mkono

Bonyeza Ctrl+Alt+T. Dirisha linalofunguka ndilo terminali. Andika:

```
sudo apt update
```

`sudo` maana yake ni kwamba amri inayofuata itekelezwe kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo. Utaombwa nenosiri, na unapoandika hutaona herufi, na huenda usione hata nyota. Imefanywa hivyo makusudi, ili aliye nyuma yako asijue hata idadi ya herufi. Andika, bonyeza Enter.

Amri hii haisasishi programu yoyote. Inaleta orodha ya matoleo mapya tu. Kusasisha kwenyewe ni hivi:

```
sudo apt upgrade
```

Kabla ya kubonyeza Y, soma mstari unaofanana na `Need to get 412 MB of archives`. Hiyo ndiyo hesabu ya bando litakaloliwa. Kama limebaki MB 300, jibu n na usubiri, hakuna kitakachoharibika.

Ukiambiwa `Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend`, maana yake programu nyingine, aghalabu Update Manager, inafanya kazi hiyo hiyo wakati huu. Subiri dakika tano, ujaribu tena. Kuna maelekezo yanayozagaa yanayokuambia ufute faili hilo la kufuli. Usiyafuate: ni sawa na kuvunja mlango wa choo kwa sababu kuna mtu ndani.

## Hatua ya 8: Soma mstari kabla ya kuuandikia

Terminali inakungoja na maandishi kama haya:

```
asha@kompyuta:~$
```

Kabla ya `@` ni jina lako, baada yake ni jina la mashine. Alama ya `~` inaonyesha ulipo: ni kifupi cha folda yako ya nyumbani, `/home/asha`. Alama ya `$` inasema wewe ni mtumiaji wa kawaida. Ukiiona `#` mahali pake, una mamlaka yote na kosa lolote litatekelezwa bila kupingwa. Jizoeze kuutazama mstari huu kila mara, maana amri sahihi ikiandikwa katika folda isiyo yake huwa kosa.

Amri za kutembea ni chache:

```
pwd
ls
cd Documents
cd ..
mkdir mazoezi
cd mazoezi
```

`pwd` inakuambia ulipo, `ls` inaorodhesha vilivyopo, `cd` inakuhamisha, `cd ..` inakurudisha ngazi moja, na `mkdir` inaunda folda. Ukiandika `cd documents` kwa d ndogo utajibiwa `No such file or directory`, kwa sababu Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo.

Kinga bora dhidi ya kosa hilo ni kitufe cha Tab. Andika `cd Doc` kisha Tab, na jina litajikamilisha. Lisipojikamilisha, ama faili halipo ama uko folda nyingine, na umelijua kabla ya kubonyeza Enter. Mshale wa juu hurudisha amri zilizopita. Ctrl+C hapa haimaanishi kunakili: husimamisha amri inayoendelea. Kunakili ni Ctrl+Shift+C na kubandika ni Ctrl+Shift+V.

Ukitaka maelezo ya amri yoyote, andika `man ls`. Yako kwa Kiingereza na ni marefu. Tafuta neno kwa kubonyeza `/`, na utoke kwa `q`. Nataja `q` kwa sababu watu hufunga terminali nzima wakidhani imeganda.

Andika sasa `ls -l`. Kila mstari una ruhusa, mwenye faili, ukubwa, tarehe na saa. Saa imeandikwa kwa mtindo wa saa 24 unaoanza usiku wa manane, kwa hiyo 14:05 ni saa nane na dakika tano mchana. Anayetafuta faili alilohifadhi saa nane asitazame 08:00.

Tahadhari kuhusu `rm`: amri hii hufuta, na haina kapu la taka la kuokotea. Mtu aliyekusudia `rm zamani*`, yaani mafaili yote yanayoanza na neno hilo, akiandika `rm zamani *` kwa bahati mbaya, nafasi moja tu imeongezeka, na mafaili yote ya folda hiyo yamekwenda. Kwa miezi ya mwanzo andika `rm -i`, ikuulize kila faili. Majina yenye nafasi yafunge kwa alama za nukuu: `rm -i "ripoti ya mwezi.txt"`. Bila nukuu, Linux inaona mafaili matatu.

## Hatua ya 9: Amri zifanye kazi yako

Mtu hasomi kuogelea akiwa amekaa kitini, basi tuchukue kazi halisi. Tuseme wewe ni katibu wa kikoba, na kila mwanachama anapoleta mchango unaandika jina lake. Mwisho wa mwezi unataka kujua nani amechangia mara ngapi. Ukiwa ndani ya `mazoezi`, andika:

```
nano michango.txt
```

Kihariri kitafunguka. Ingiza majina haya, kila moja mstari wake: Asha, Juma, Neema, Asha, Rehema, Juma, Asha. Hifadhi kwa Ctrl+O na Enter, toka kwa Ctrl+X. Sasa:

```
sort michango.txt | uniq -c | sort -nr
```

Alama ya `|` ni bomba: matokeo ya amri ya kushoto yanamiminwa kwenye ya kulia. `sort` inapanga majina kialfabeti, `uniq -c` inahesabu yanayofuatana, na `sort -nr` inapanga hesabu kutoka kubwa kwenda ndogo. `sort` ya kwanza si pambo. `uniq` hulinganisha mistari iliyopakana tu, na bila kupanga kwanza Asha atatokea mara tatu, kila mara akiwa na mchango mmoja.

Mafanikio:

```
      3 Asha
      2 Juma
      1 Rehema
      1 Neema
```

Ikitokea Juma ameandikwa mara mbili, kila mara na 1, usiilaumu amri. Kuna nafasi uliyoiacha bila kujua mwishoni mwa jina lake, na kwa kompyuta hao ni watu wawili. Jambo hili liliwahi kunila jioni nzima kabla sijajua kuliangalia kwa:

```
cat -A michango.txt
```

Kila mstari utaishia na `$`. Palipoandikwa `Juma$` ni sawa. Palipoandikwa `Juma $` ndipo penye nafasi. Irekebishe kwa `nano`.

Kuhifadhi matokeo, tumia `>` ikifuatwa na jina la faili jipya:

```
sort michango.txt | uniq -c | sort -nr > hesabu.txt
```

Kamwe usiandike `sort michango.txt > michango.txt`. Terminali hulisafisha faili la kupokea kabla `sort` haijaanza kulisoma, na utabaki na faili tupu. Haitakuonya.

## Hatua ya 10: Igeuze kazi kuwa amri yako

Fungua `nano hesabu.sh` na uandike mistari hii miwili:

```
#!/bin/bash
sort "$1" | uniq -c | sort -nr
```

Mstari wa kwanza unataja programu itakayosoma amri zako. `$1` ni jina la faili utakalolitaja wakati wa kuiendesha, na nukuu zinalilinda likiwa na nafasi. Hifadhi, toka, kisha uiendeshe:

```
./hesabu.sh michango.txt
```

Utajibiwa `Permission denied`, nami nimekusudia ujibiwe hivyo. Hapa ndipo yule wa pili alipozoea kukimbilia `sudo`. Badala yake andika `ls -l hesabu.sh` na usome mwanzo wa mstari: `-rw-`, au kitu kinachofanana nayo. Herufi `r` ni ruhusa ya kusoma, `w` ya kuandika, na mahali pa tatu, pa kutekeleza, pana kistari. Faili ni lako, hukosi mamlaka. Faili lenyewe halijaambiwa kwamba ni programu. Liambie:

```
chmod u+x hesabu.sh
```

Rudia `ls -l` na utaona `x` imekaa pale palipokuwa na kistari. `sudo` ibaki kwa kazi zinazougusa mfumo mzima, kama kusakinisha programu, na usiitumie ndani ya folda yako ya nyumbani, kwa sababu mafaili yatakayoundwa hivyo yatakuwa ya msimamizi, na kesho hutaweza kuyahariri mwenyewe.

Kwa sababu hiyo hiyo, amri yoyote uliyoikuta mahali inayopakua kitu na kukimimina moja kwa moja ndani ya `sudo bash` iache kwanza. Pakua faili, lifungue kwa `less`, amri ya kusomea faili bila kuliendesha, usome linataka kufanya nini.

Endesha tena `./hesabu.sh michango.txt`, na orodha ile ile itatokea. Mwezi ujao utafungua `michango-machi.txt`, utaingiza majina, na utaandika `./hesabu.sh michango-machi.txt`, amri ya bomba hutaiandika tena.